Maumivu, moyo na usingizi: daftari la watu wanne wa Kisauni, Mombasa

Jumapili, 12 Januari 2025: kuanza

Niliumia uti wa mgongo mwaka 2019, nilipoanguka kutoka jukwaa la ujenzi. Pingili ya kumi ya kifua. Kutoka kitovuni kwenda chini sisikii kitu, ila moto. Miguu ambayo haisikii sindano inawaka usiku kucha kama imetiwa pilipili. Kila nikienda kliniki naulizwa, "Maumivu vipi?" Nasema yapo. Inaandikwa yapo. Narudi nyumbani na dawa zile zile.

Mwaka huu nimeamua niende na karatasi. Nataka kujua maumivu yananipunguzia usingizi kiasi gani, na moyo unazama kwa sababu ya maumivu yenyewe au kwa sababu ya usiku mbovu. Tuko wanne. Majina halisi hayaingii humu, kwa hiyo kila mmoja amepewa samaki. Changu ni mzee, mgema wa zamani, alianguka mnazi. Kolekole ni mama aliyeshikwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, anatembea kidogo kwa magongo. Tafi alikuwa utingo wa matatu, ameumia shingoni, mikono anayo nusu. Mimi mke wangu alinipa Pono bila hata kufikiri, maana pono ndiye samaki anayesifika kwa usingizi.

Hatujabuni maswali. Kuna fomu fupi ya kimataifa ya maumivu ya waliovunjika uti wa mgongo, iliyotoka 2008 na kurekebishwa 2014. Unataja maumivu yako makubwa, yasizidi matatu, unapima ukali 0 hadi 10, kisha unajibu maswali matatu: kwa siku saba zilizopita maumivu yamekuvurugia shughuli kiasi gani, moyo kiasi gani, usingizi kiasi gani. Sisi tunauliza kila siku badala ya kila wiki, kwa sababu Changu anasema hata alichokula juzi hakikumbuki.

Gharama: madaftari manne 200, kalamu 80, fotokopi kurasa 40 kwa shilingi tano 200. Jumla 480.

Jumapili, 19 Januari: wiki ya kwanza imeharibika

Yote. Nimekaa barazani na madaftari manne na sikupata hata ukurasa mmoja wa kutumia.

Kosa la kwanza ni langu. Kwenye maumivu niliandika 0 ni nafuu na 10 ni mbaya. Kwenye moyo nikaandika 0 ni mbaya na 10 ni furaha, nikidhani ni jambo la kawaida tu. Kolekole alijaza kwa mazoea ya safu ya kwanza. Ukichora mistari yake unaona kila maumivu yakipanda na furaha inapanda. Nikamuuliza, "Mamangu, Alhamisi ulikuwa na maumivu nane na moyo nane, ulikuwa na sherehe?" Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Sasa safu zote zinakwenda upande mmoja: namba kubwa ni ubaya. Hatuandiki tena "moyo", tunaandika "uzito wa moyo".

Kosa la pili ni la neno. Changu aliandika maumivu 0 siku zote saba, na najua halali.

"Ami, huumwi?"

"Siumwi. Inawaka tu."

Kwake maumivu ni ya kidonda, ya jino, ya mgongo pale alipovunjika. Ule moto, ule umeme unaopita unyayoni, ule mchonyoto, si maumivu, ni "mambo ya miguu". Na hayo ndiyo maumivu ya neva, yanayowasumbua wengi wetu kuliko mengine. Kama ningemwamini alivyoandika, Mzee Changu angekuwa mtu mzima wa afya. Juu ya ukurasa sasa kuna orodha: kuwaka, umeme, sindano, mchonyoto, kubanwa, ganzi inayouma. Lolote kati ya hayo linahesabiwa.

La tatu sijalimaliza vizuri. Fomu inasema 10 ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Changu akasema, "Siku niliyoanguka mnazi sikusikia kitu. Hiyo kumi yangu niitoe wapi?" Sikuwa na jibu. Tumekubaliana kila mtu ajiwekee alama zake: 3 ni naumwa lakini nasahau nikizungumza, 5 ni sisahau, 8 ni siwezi kuzungumza. Namba ya Changu hailinganishwi na ya Tafi. Ya Changu inalinganishwa na ya Changu ya jana, basi.

Jumapili, 2 Februari: saa, alhamdulillahi, na maswali tisa

Wiki tatu za majaribio zimekwisha. Kuanzia kesho ndiyo hesabu ya kweli, wiki kumi na mbili.

Pesa niliyoitupa: shilingi 2,800, saa ya mkononi iliyotumika, ya kupima usingizi. Usiku wa kwanza iliniambia nimelala saa saba na dakika arubaini. Usiku huo niliisikia adhana ya alfajiri nikiwa macho, na kabla yake niliwasikia paka wote wa mtaa. Saa hizi zinahesabu mtikisiko. Ukilala kimya ukitazama dari, kwake umelala. Nikaifunga mguuni nione. Miguu yangu huruka yenyewe usiku, misuli inakaza na kuachia. Asubuhi saa ikaandika hatua 312. Mke wangu akasema, "Basi leo sokoni Kongowea utakwenda mwenyewe." Tulicheka, lakini mkanda ulikuwa umeacha alama kifundoni, mahali nisiposikia, na kidonda huanza hivyo hivyo. Nimeivua. Anayetaka kufuata kazi hii asinunue saa. Aandike alivyolala, ndani ya nusu saa baada ya kuamka.

Shida ya Kolekole ikawa kubwa kuliko ya saa. Safu ya uzito wa moyo: 0, 0, 0, 0.

"Moyo wako vipi leo, mamangu?"

"Alhamdulillahi."

Kumwambia mtu moyo wako ni mzito ni kama kumlalamikia Mola. Sikumbishia. Nikakaa naye, chai na mahamri, tukazungumza mengine, na mwenyewe akalitoa: "Moyo haujui kusema, mwanangu. Mdomo ndio unajua. Nikiwa na usiku mbaya nawakemea wajukuu kwa kosa la kikombe." Hapo tukapata maswali yetu ya nyumbani. Leo umemkemea mtu bila sababu? Leo umetaka watu waje, au umetaka waende zao? Leo umetoka nje ya mlango? Kolekole anayajibu bila wasiwasi, na namba zake zimeanza kupanda na kushuka kama za binadamu.

Muuguzi anayetutembelea alitushauri pia tutumie, kila wiki mbili, yale maswali tisa ya sonona ya kliniki yaliyochapishwa 2001. Kila swali 0 hadi 3, jumla 27, na kuanzia 10 mhudumu huanza kukutazama kwa makini. Yana mtego kwa watu kama sisi. Mojawapo linauliza kama umelala vibaya, jingine kama umechoka, jingine kama unakwenda polepole hadi watu wanagundua. Tafi alisema, "Mimi wamegundua tangu 2021." Tena usingizi tayari umo ndani ya alama zile, halafu unataka kuzitumia uone kama usingizi na moyo vinakwenda pamoja. Bila shaka vitakwenda pamoja, umevifunga kamba mwenyewe. Tunaandika jumla kwa ajili ya kliniki, lakini pembeni tunaweka alama za maswali yasiyo ya mwili: huzuni, kukosa hamu, kujiona hufai, na lile la tisa.

Swali la tisa ni la mawazo ya kufa. Mmoja wetu alijibu 2, akaiweka karatasi chini ya mto, nikaisoma baada ya siku nne. Muuguzi alikwenda siku hiyo hiyo na sasa ana mshauri anayemwona. Zile siku nne ni kosa langu mimi niliyegawa karatasi. Tangu hapo maswali tisa hujazwa muuguzi akiwa chumbani, hayaachwi nyumbani.

Gharama mpya: saa 2,800, fomu mpya kurasa 48, 240. Jumla hadi leo 3,520.

Jumapili, 16 Februari: tisa ambayo haikuwa maumivu

Tafi hashiki kalamu. Mdogo wake alikuwa anamwandikia, na namba zikawa tatu, tatu, mbili. Nikamwomba anitumie ujumbe wa sauti mwenyewe, mdogo mtu asiwepo. Siku hiyo hiyo tatu ikawa saba. Kumbe hakutaka kijana asikie.

Jumatano saa tisa usiku ukaja ujumbe: "Andika tisa, Pono. Kichwa kinapasuka, usoni jasho tele." Nikaandika 9. Nikaweka simu. Nimegeuka saa kumi ndipo nikakumbuka nilichofundishwa wodini: aliyeumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, akiumwa kichwa ghafla na kutoka jasho, shinikizo la damu linapanda, na mara nyingi kibofu kimejaa au mpira wa mkojo umeziba. Hiyo haipimwi, inaokolewa. Nikampigia mdogo wake. Mkalishe wima, miguu chini, legeza nguo, fuata mpira kutoka mwanzo hadi kwenye mfuko wa mkojo. Ulikuwa umekunjika chini ya paja. Alipounyoosha mkojo ulishuka kama bomba, na kichwa kikatulia kabla hata tuktuk ya hospitali haijafika. Walikwenda vilevile akapimwe.

Saa nzima nilikuwa na ujumbe ule na nikauona kama takwimu. Sasa ukurasa wa kwanza wa kila daftari una maneno ya kalamu nyekundu: kichwa cha ghafla na jasho, usiandike, kaa wima, tazama mpira, piga simu.

Jumapili, 2 Machi: ni nani anayeiba usingizi

Wiki nne za hesabu. Ile fomu inauliza maumivu yamekuvurugia usingizi kiasi gani, na sote tulikuwa tunajibu 8, 9. Kaskazi hii, na umeme unapokatika feni inazima, chumba kinakuwa tanuri. Nikaanza kujiuliza kama ninayasingizia maumivu. Tangu tarehe 3 Februari tuliongeza safu moja tu: kilichoniamsha. Herufi moja kila ukiamka. M moto, B bega, R miguu kuruka, K mkojo, J joto, G kugeuka.

Kuandika gizani kulitushinda mwanzoni. Ukiwasha taa umeamka kweli kweli, na mwenzako pia. Taa ndogo ya kuchaji, 350, iliyofunikwa kitambaa chekundu, imetosha. Jumla 3,870.

Mimi Pono nimeamka mara 97 katika usiku 28. Maumivu, bega na moto kwa pamoja, 31. Joto 17. Mkojo na mengineyo 11. Kugeuka 38.

Nilihesabu mara tatu. Kugeuka ni alamu yangu mwenyewe. Tulifundishwa kugeuka kila saa mbili tusipate vidonda vya kulala, na kwa miaka sita nimeamka kila saa mbili, kisha moto unanikuta niko macho, na asubuhi nasema maumivu yamenikatili. Si uongo, lakini si kweli yote. Maumivu mara nyingi hayakuniamsha, yalinikuta nimeshaamka na yakanizuia kurudi.

Sikuthubutu kuzima alamu. Kidonda kimoja cha makalio kinaweza kukulaza miezi. Nilimwonyesha muuguzi safu ile. Alinikagua ngozi yote, akasema tujaribu saa tatu, kwa sharti nilale juu ya sponji laini na nijikague kila asubuhi. Nimenunua vipande vinne vya sponji kwa fundi wa makochi, 1,200, kimoja kati ya magoti, kimoja chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee. Kujikagua kunataka kioo na mtu. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu upesi, kwa hiyo mke wangu hupapasa kwa kisogo cha mkono: pana joto kuliko pembeni? pamekuwa pagumu? Siku ya tatu palikuwa na joto nyongani kushoto. Tukarudi saa mbili kwa usiku mbili, pakapoa, tukaanza tena. Asiyekuwa na wa kumkagua asiige hatua hii.

Jumla 5,070.

Jumapili, 30 Machi: Ramadhani imevuruga jedwali

Mwezi mzima wa Machi umekuwa wa mfungo. Mimi sikufunga, kibofu changu kinataka maji, ila daku nilikaa nao. Kolekole alifunga siku chache. Saa za dawa zilihama, usingizi ukakatika vipande viwili, na nilijiandaa kuufuta mwezi wote.

Sijaufuta, kwa sababu umeleta kitu nisichokitegemea. Nimelala kidogo kuliko Februari, moto uko pale pale kwenye sita, na uzito wa moyo umeshuka kutoka tano hadi mbili. Kolekole vilevile. Saa tisa usiku nyumba ina watu, sufuria zinagongana, mtoto anakuletea tende. Ni saa ile ile ambayo Februari nilikuwa natazama dari peke yangu. Nimeweka herufi D kando ya siku hizo na sizilinganishi na nyingine.

Tafi hafungi, ni Mkristo, na mwezi wake haukubadilika.

Jumapili, 27 Aprili: mwisho wa kuhesabu

Siku 84, watu wanne, mistari 336 iliyotakiwa. Imejazwa 291. Changu alikosa nyingi wakati wa mvua, na ukurasa wake mmoja ulijazwa wiki nzima kwa wino mmoja na mwandiko mmoja, Jumapili usiku. Alikiri. Ule tumeutoa, uko nje ya 291.

Kompyuta sina. Nilichora mstari wa usingizi kwenye karatasi moja nyepesi ya miraba na wa moyo kwenye nyingine, nikazibandika dirishani jua likipenya, kisha nikasogeza moja siku moja mbele, siku moja nyuma. Wangu na wa Kolekole unalala vizuri ukisogeza mbele: usiku mbaya, kesho yake moyo mzito. Wa Changu unakwenda kinyume. Kwake siku nzito ndiyo inayotangulia, siku ya ugomvi au ya kukosa pesa, na usiku wake miguu inawaka zaidi. Niliusogeza huku na huku hadi macho yakaniuma, haukubadilika.

Wa Tafi haukukaa popote. Muuguzi akanieleza jambo ambalo lingenisaidia Januari: ubongo unapotaka kutoa ile homoni ya usiku, melatonini, amri yake hushuka kwanza kupitia shingoni ndipo ipande tena kichwani. Aliyekatika kabisa shingoni hubaki bila hiyo homoni ya usiku. Usingizi wake umeharibika kwa njia yake, maumivu yawepo yasiwepo. Tulimweka Tafi kwenye jedwali moja nasi kama vile sote tumeumia mahali pamoja.

La mwisho ni bega. Kulia, la kusukumia kiti. Wastani wake tatu tu, moto wa miguu sita. Ningeulizwa ni lipi baya ningesema moto bila kufikiri. Lakini siku ambazo bega lilifika nne, uzito wa moyo ulikuwa juu kuliko siku za moto wa saba. Nilikaa na hilo muda. Kutoka kwangu hadi barazani kuna kimwinuko cha mchanga. Moto naenda nao barazani, nakunywa nao kahawa, nasikiliza nao siasa. Bega likiuma siwezi kupanda, na kutoka kitandani hadi kitini lazima niite mtu. Safu ya "umetoka nje?" inaonyesha hivyo hivyo.

Jumapili, 11 Mei: kliniki

Nilikwenda wiki iliyopita na karatasi mbili tu, si daftari zima. Ya kwanza mistari miwili iliyobandikwa pamoja, ya pili hesabu ya herufi. Daktari alizitazama labda dakika mbili. Akauliza, "Hii G ni nini?" Nikamweleza. Kisha akaniambia nivue shati, akalishika bega, jambo ambalo halijafanyika tangu 2019. Nimepelekwa kwa mtaalamu wa viungo achunguze ninavyosukuma kiti, na ekseli ya kiti imesogezwa mbele kidogo. Dawa ya usiku haikubadilishwa, saa ya kuimeza ndiyo imerudishwa nyuma hadi saa mbili.

Alamu sasa ni kila saa tatu na nusu, ngozi bado safi.

Mwezi wa Julai, kusi ikivuma na usiku umepoa, tutarudia wiki nne kwa safu zile zile, tuone J ikiondoka nani anachukua nafasi yake. Tafi atakuwa na jedwali lake. Kolekole ameshaomba daftari jipya. Changu amekubali pia, kwa sharti kwamba safari hii samaki achague yeye.